Maziwa yanakatika kila kaskazi, na friza ninalo. Nakosea wapi?

Mama Dumu wa Tabata (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nauza maziwa Tabata, mwaka wa nne sasa. Kwa siku nachukua lita 60 kutoka kwa wafugaji watatu wa Chalinze, kila mmoja dumu moja la lita 20, yale ya njano ya mafuta ya kula. Yanapakiwa kwenye Coaster asubuhi, nayapokea Mbezi, bodaboda ananiletea nyumbani, naingiza kwenye friza. Mchana nachemsha nusu, yanayobaki nauza mabichi kwa wanaogandisha mtindi wenyewe.

Juni hadi Septemba sina ugomvi na mtu. Kipupwe kikikaa vizuri naweza kuyasahau mpaka jioni na bado yakachemka safi. Ikifika Desemba, kaskazi ikianza kuvuma, ni msiba. Leo nimebandika sufuria ya lita 10, yakaanza kufura vizuri, nikageuka kuchukua mwiko. Kugeuka tena naona mabonge yanaelea kwenye maji ya kijanikijani. Yamekatika. Wiki hii ni mara ya tatu. Na kabla ya kuyabandika niliyaonja, hayakuwa na uchachu hata chembe.

Kinachonichanganya ni kwamba madumu ni matatu, siku moja, gari moja, friza moja, lakini linalokatika ni moja, likizidi mawili. Mume wangu anasema friza limechoka. Fundi akaja, akaongeza gesi, akachukua hela yake, hali ikabaki ile ile.

Halafu kuna la pili, laktomita, kile kipimo kinachoelea cha kujua kama maziwa yametiwa maji. Kipupwe inasoma 29 au 30. Sasa hivi ni 26, 27. Nimeshagombana na mfugaji mmoja, nikamwambia anatia maji, akaapa kwa wanawe wote. Naombeni msaada kabla mtaji haujaisha. Kama ni kunisema, nisemeni tu.

---

Siti ya Dirishani

Nimeshakaa, chai ya rangi mkononi. Endeleeni.

---

Kidagaa Mbichi

Pole mama. Hiyo biashara ukiwa mpole unaliwa. Hao wanatia maji, tena ya mtaroni, na maji ndiyo yanayokata maziwa. Fukuza wote watatu, tafuta wapya.

---

Mpokea Kopo

Kidagaa, taratibu. Mimi nimesimama kwenye kituo cha kukusanyia maziwa miaka tisa, nimeyarudisha maziwa ya watu mpaka nikawa sisalimiwi msikitini. Maji hayakati maziwa. Yanayapunguza nguvu, na yakiwa machafu yanaongeza wadudu, lakini sufuria haikatiki kwa sababu ya maji.

Dada, nijibu manne kwanza. Wanakamua saa ngapi? Dumu linaingia kwenye friza saa ngapi? Kwenye gari linakaa wapi? Na je, umewahi kupima joto la maziwa yenyewe, siyo la friza?

---

Mama Dumu wa Tabata

Asante kaka. Wanaanza kukamua saa kumi na moja alfajiri. Saa moja wapo barabarani wanasubiri gari. Mbezi nayapokea saa nne, kwenye friza yanaingia saa tano kasoro robo, foleni ikiwa nzuri. Konda anayaweka mbele, pale pembeni ya dereva juu ya injini, anasema huko nyuma abiria wanalalamika harufu. Joto sijawahi kupima, ninachojua ni kuwa friza linagandisha maji mpaka yanakuwa jiwe.

---

Siti ya Dirishani

Juu ya injini 😂 pale mimi mwenyewe nikikaa nafika nimeiva.

---

Mpokea Kopo

Basi jibu unalo, umeliandika mwenyewe. Nitaandika ndefu kidogo, mnivumilie.

Maziwa yanatoka kwenye chuchu yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, nyuzi 38 hivi. Ng'ombe akiwa mzima wa kiwele, humo ndani wadudu ni wachache mno. Wanaingia baadaye, kutoka kwenye mikono, manyoya ya kiwele, mavi yaliyokauka mkiani, na zaidi ya vyote kwenye chombo. Maziwa mabichi yana kinga yake ya asili inayowashikilia bakteria wasizaane, ila haikai muda mrefu. Kwenye nyuzi 30 inadumu kama saa mbili tu. Yakipoa mapema, inadumu zaidi.

Sasa fuata saa zako. Wamekamua saa kumi na moja. Saa moja asubuhi, wakati dumu linasubiri gari, kinga imeshaisha. Kuanzia hapo, kwenye joto la 30 na kitu, bakteria wanajizidisha mara mbili kila nusu saa hivi. Mpaka saa sita unapobandika sufuria ni saa tano, yaani nusu saa kumi. Chukua kikokotoo: mbili, nne, nane, kumi na sita… ukifika mara ya kumi ni 1,024. Maziwa yaliyoanza na bakteria 10,000 kwa kila mililita, ambayo ni maziwa ya mtu msafi kweli, sasa yana milioni 10. Kwa macho ni meupe, kwa ulimi ni matamu, lakini moto hayauwezi.

Kwa nini moto? Bakteria wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Protini ya maziwa imeelea kwa vipunje vidogo sana vinavyosukumana, ndiyo maana havishikani. Asidi inaondoa ule msukumano. Bila moto inatakiwa asidi nyingi ndipo vipunje vishikane, na huo ndio mtindi. Ukiwasha moto, asidi kidogo inatosha, hata ile ambayo ulimi haujaisikia. Ndiyo maana uliyaonja ukaona sawa. Pale kituoni hatukuwa tunaonja. Tulikuwa tunachanganya maziwa na spiriti ya kupimia kiasi sawa kwa sawa kwenye kichupa, tunatikisa, tukiona chenga tunarudisha. Huna spiriti? Chukua kijiko cha kila dumu, chemsha kimoja kimoja kwenye kikombe cha bati. Utajua dumu lipi lina kesi kabla hujaharibu sufuria nzima.

Kwamba linakatika dumu moja na mengine yanapona, hapo kuna mambo mawili. Dumu la mafuta lina mikwaruzo ndani, lina kishikio chenye uwazi ambao mkono haufiki wala brashi haiingii. Maziwa ya jana yanabaki humo kama utando, na utando ule ni mbegu ya kesho. Kopo la aluminiamu lenye mdomo mpana unaingiza mkono mpaka chini, unasugua, unasuuza kwa maji ya moto, unaligeuza juani. La pili nalisema bila kumkosea mtu heshima: kuna maziwa ya jana jioni yanayochanganywa na ya leo alfajiri. Kipupwe usiku wa Chalinze unayatunza. Februari hauyatunzi, na lita tano za jioni zinaiharibu asubuhi yote.

Laktomita nayo haina ubaya, tatizo ni joto. Chombo kile kinatakiwa kisomwe maziwa yakiwa nyuzi 20. Yakiwa ya moto yanakuwa mepesi na laktomita inazama zaidi. Kwa kila nyuzi moja juu ya 20 ongeza 0.2. Maziwa ya nyuzi 33 yakisoma 27, usomaji wako ni kama 29.6. Ni hesabu ya karibu tu, bora yapoe kwanza ndipo upime, ila kwa hesabu hiyo yule uliyegombana naye hajatia maji. Kamuombe radhi.

---

Mama Dumu wa Tabata

Mungu wangu. Na nilimpunguzia bei mwezi mzima.

---

Kidagaa Mbichi

Nimenyamaza. Lakini wanaotia maji wapo!

---

Mpokea Kopo

Wapo, tena wengi. Huyu ndiye siye.

---

Dodoma Makulu

Mama, kama umeme ni tatizo tumia mtungi. Sisi huku tunaweka sufuria ndani ya mtungi mkubwa, katikati mchanga uliolowa, juu gunia bichi. Maziwa ya asubuhi yanafika jioni yamepoa kabisa. Gharama yake ni maji tu.

---

Binti wa Likoni

Huko kwenu kavu itafanya kazi. Huku Pwani nilijaribu, gunia lilikaa bichi siku tatu likaota ukungu na maziwa yakawa vuguvugu vile vile. Mtungi unapoza kwa sababu maji yanakauka na kuondoka na joto. Hewa ya Mombasa mwezi wa pili imeshashiba maji, nguo zenyewe hazikauki. Tabata ni kama sisi.

---

Dodoma Makulu

Hilo sikulifikiria. Kumbe ndiyo maana shemeji yangu Tanga alisema nimemdanganya.

---

Baridi ya Njombe

Uzi mzuri. Nyie mnalia joto, sisi tunalia baridi. Juni na Julai hapa alfajiri unakuta umande umeganda kwenye majani. Kopo la jioni unaliacha kwenye karai la maji barazani, asubuhi ni kama limetoka kwenye friji. Ukipanda kule Kitulo, zaidi ya mita 2,600 juu, ndiyo usiseme.

Shida yetu ya kwanza ni mtindi. Dar mtu anaweka maziwa mezani usiku, asubuhi yameganda. Mimi Julai nilisubiri siku mbili, yakaja kuganda yakiwa na mlenda na ladha chungu. Wale bakteria wazuri wa mtindi wa kawaida wanapenda nyuzi 20 mpaka 30, na wale wa yogati wanataka zaidi ya 40. Jikoni kwangu ni 12. Sasa naweka ndoo karibu na mafiga, naivika blanketi kama mtoto.

Shida ya pili watu hawaijui: baridi haiui wadudu, inawalaza, na wapo wasiolala. Kuna aina zinazozaana hata kwenye friji, polepole. Hizo hazichachishi maziwa. Zinatafuna protini na mafuta, siku ya nne au ya tano unaonja unakuta uchungu, au harufu kama sabuni. Mteja analeta chupa analalamika, unachemsha haikatiki, unamwona mwongo. Si mwongo. Mabaya zaidi, vile vimeng'enya wanavyoacha, yaani kemikali zao za kutafunia, vinastahimili moto. Ukichemsha unamuua mdudu, kazi yake inaendelea. Kwa hiyo hata kwenye friji maziwa mabichi yasikae wiki eti kwa kuwa hayanuki.

---

Mpokea Kopo

Njombe umeongea kama mtu wa maabara. Kiwandani maziwa ya boksi, yale yanayopigwa joto la 135 mpaka 140 kwa sekunde chache, yakitokana na maziwa mabichi yaliyolala siku nyingi kwenye tangi la baridi, baada ya miezi rafuni yanaweza kuwa machungu au kuwa mazito kama uji ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa. Mdudu alikufa zamani, kimeng'enya chake kikabaki kinafanya kazi.

---

Mswahili Muscat

Naingilia kutoka Omani. Huku kiangazi tunafika 45 na zaidi. Ukitoka dukani na maziwa ya chupa ya kwenye friji ukapitia kwa rafiki dakika ishirini, gari limezimwa juani, usiyafungue tena. Ndiyo maana chai ya huku, karaki, watu wanapika kwa maziwa ya kopo yaliyopunguzwa maji. Kopo halina haraka na mtu. Ila na lenyewe, kama yale ya boksi, likikaa stoo ya moto miezi linabadilika rangi, linakuwa la kahawia na ladha kama ya karameli. Haliui, ila chai haiwi ile.

Swali langu: maziwa ya unga nyumbani Zanzibar yalikuwa yanaganda bonge ndani ya kopo kabla hatujafika nusu. Ni joto au nini?

---

Mpokea Kopo

Unyevu zaidi ya joto. Ile sukari ya maziwa kwenye unga inavuta maji ya hewani, inalainika, punje zinanatana. Ukitia kijiko kibichi unaharakisha. Mfuniko ukibana, kijiko kikikauka, hata Zanzibar yanafika mwisho.

---

Chebaibai wa Bomet

Wadau hamjambo, mimi nasoma kutoka Kenya. Hiyo story ya maziwa ya jioni nimeicheka kwa uchungu. Hapa kwetu gari ya kukusanya inakuja asubuhi pekee. Ya jioni unabaki nayo, na kama huna pahali pa kupoza, kesho yake inarudishwa kwa sababu imeanza kuchacha. Ng'ombe anakamuliwa mara mbili, unalipwa mara moja na nusu.

Lakini wazee wetu hawakupigana na hiyo ya jioni. Mama yangu alikuwa anatengeneza mursik, maziwa ya kuchachisha ya sisi Wakalenjin. Kibuyu, sotet, kinaoshwa kwa fito ya mtende, kinakaushwa, halafu anachoma vijiti vya senetwet mpaka viwe makaa, anaingiza ndani na kusugua ukuta wote wa kibuyu mpaka unakuwa mweusi. Moshi na makaa yanaua wadudu wabaya wa ule utando mnaosema wa dumu, na kinachobaki kwenye kibuyu ni wale wazuri wa kila siku. Maziwa inachemshwa, inapozwa, inamiminwa, kibuyu kinafungwa. Inakaa wiki kadhaa bila friji, ya kijivu, na hakuna mgeni anaondoka bila kuonja. Wanariadha wakirudi na medali wanapokelewa nayo uwanja wa ndege.

Yaani unaichachisha wewe kabla haijachacha yenyewe.

---

Isiolo Road

Naongeza ya ngamia. Maziwa ya ngamia kwenye joto ile ile inakaa muda mrefu kuliko ya ng'ombe kabla ichache, na akina mama wa Isiolo wameitumia hiyo kuituma mpaka Eastleigh, Nairobi, kilomita karibu mia tatu. Madumu yao wanayafukiza moshi kwanza. Lakini usijaribu kugandisha mtindi mzito nayo, inabaki majimaji tu. Hiyo ni tabia yake, haijaharibika.

---

Fundi Mtindi

Mimi nagandisha lita 40 kwa siku, Mbagala. Naongezea kwamba Februari mtindi unawahi mno. Unaganda kwa muda wa saa nane badala ya saa kumi na mbili, na usipouwahi kuutia baridi unaendelea kuchacha, maji yanajitenga juu, mteja anasema umetia maji. Siku hizi naweka usiku wa manane badala ya magharibi, nikiamka tu unaingia kwenye baridi.

Na siku mtindi ukigoma kabisa kuganda kwenye joto kama hili, usifurahi eti maziwa ni mazuri. Uliza kama ng'ombe amechomwa sindano. Dawa ya kiwele inaingia kwenye maziwa inaua bakteria wa mtindi. Nimepata hasara hivyo mara mbili.

---

Mjasiria Mali

Mbona mnazunguka sana. Kuna unga fulani kidogo tu kwa dumu, maziwa hayakatiki hata siku mbili. Wanaojua wanajua. Au magadi soda.

---

Mpokea Kopo

Huyo moderata amwangalie. Magadi yanaficha uchachu tu, wadudu wako pale pale wanaendelea kuzaana, ila sasa hakuna kinachokuonya. Na huo "unga fulani" na zile dawa za kuhifadhia maiti ambazo watu wanasimuliana mitaani, anayekunywa ni mtoto wa mwenzio. Mada hii haina nafasi hiyo.

---

Mama Dumu wa Tabata

Mjasiria Mali, asante lakini wanangu wanakunywa maziwa yale yale ninayouza.

Kaka Mpokea Kopo, nimenunua kipima joto, kile cha kuchoma cha jikoni. Leo jioni nakwenda kuazima diaba kwa jirani. Nitaleta majibu.

---

Mpokea Kopo

Safi. Kitu kimoja kabla hujaanza. Usiamini friza kupoza dumu. Hewa ya baridi inavuta joto polepole sana, maji ya baridi yanavuta haraka mara nyingi zaidi. Jaribu kuweka mkono mbele ya friza lililofunguliwa, kisha uuingize kwenye ndoo ya barafu, utaona upi unautoa kwanza. Friza ni la kutunza kilichokwisha poa.

Hesabu ya barafu: dumu la lita 20 kulitoa nyuzi 35 hadi 10 linahitaji kilo 5 na kidogo za barafu inayoyeyuka. Diaba nalo linapoteza, hewa ya Dar nayo inakula, kwa hiyo andaa kilo 8. Barafu iwe nje ya dumu, ndani ya maji, usitie ndani ya maziwa, ile ya samaki hujui imetokana na maji gani. Na koroga. Usipokoroga pembeni kunapoa, katikati kunabaki moto.

---

Mama Dumu wa Tabata

Nimerudi, siku ya nane leo. Kaeni vizuri.

Siku ya kwanza nilipima pale pale Mbezi kabla hata sijamlipa konda. Dumu la kwanza 33. La pili 34. La tatu, lililokaa juu ya injini, 36. Yaani limesafiri njia yote hiyo likafika karibu na joto la ng'ombe aliyeyatoa. Nikayaingiza kwenye friza kama kawaida, baada ya saa mbili nikachoma kipima joto katikati: 27! Saa mbili, friza linaunguruma, ukuta wa dumu wa baridi mpaka unatoa jasho, ndani 27. Nilimuita mume wangu aje aone, akasema nilimwambia friza limechoka. Sikumjibu.

Siku ya pili nikatumia diaba, kilo 8 za barafu kwa yule anayeuzia wavuvi, nakoroga kwa mwiko mrefu. Dakika arobaini: 12. Nikaingiza kwenye friza. Jioni nikachemsha, hakuna lililokatika. Ila kuyafanya madumu yote matatu hivyo ni kilo 24 kila siku, faida yote inaondoka na barafu, na bado saa tano za njiani zimeshafanya kazi yake.

Kwa hiyo Jumapili nikapanda gari nikaenda Chalinze mwenyewe. Nikaanza na yule niliyemgombeza. Nilimkuta anatengeneza boma, nikamwambia mzee nimekuja kuomba radhi, laktomita ilinidanganya. Akacheka, akasema nilijua utarudi, maji yangu ya kutia kwenye maziwa ningeyatoa wapi na kisima kimekauka tangu Januari? Nikaona aibu, maana kweli, hata maji ya kuoshea dumu wanayapima kwa kopo. Hilo nalo nikaliweka akilini, ndiyo maana madumu yananuka.

Wa pili hana neno. Kwa wa tatu ndipo nilipokuta yale ya jioni. Kijana wake hakuficha. Akanionyesha dumu dogo limefunikwa kanga, lita sita za jana magharibi, anasubiri kumimina kwenye langu. "Si maziwa na haya pia, mama?" Nikachemsha kijiko kwenye kikombe mbele yake. Kikakatika hapo hapo. Kijana akatazama kikombe, akamtazama baba yake. Hakuna aliyesema kitu.

Tumekubaliana ya jioni yasiingie kwenye dumu langu kabisa. Wayachemshe usiku ule ule, yakipoa wayatie mbegu ya mtindi, na mtindi huo nauchukua kwa bei yake, dumu la alama nyekundu. Fundi Mtindi nitakutafuta kwa hilo.

Kwa safari nimefanya hivi. Nimenunua maboksi mawili meupe ya samaki yaliyotumika, nimeyaosha mpaka mikono imechubuka. Jioni gari likirudi Chalinze linapeleka makopo matatu matupu ya aluminiamu na chupa za maji za lita moja na nusu zilizoganda jiwe kwenye friza langu (limepata kazi yake hatimaye), zimefungwa kwa gunia na magazeti ndani ya maboksi. Asubuhi wanasimamisha makopo kwenye beseni lenye maji na chupa zile, wanakoroga, halafu chupa zinarudi kuzunguka kopo, mfuniko wa boksi juu. Konda nimemuongezea elfu mbili, boksi linakaa nyuma, siyo juu ya injini.

Jana yamefika na 19. Juzi 18. Si nyuzi 4 za friji, najua kaka, usinigombeze.

---

Mpokea Kopo

Nikugombeze kwa nini? Kutoka 36 hadi 19 umewapunguza bakteria mwendo sana. Maziwa yakifika kwako yatie kwenye diaba la barafu kidogo tu kumalizia, kilo chache, kisha friza. Hapo barafu haikumalizi.

Na mvua za masika zinakuja. Joto litapungua, tope litaongezeka, kiwele kitakuwa kichafu, na gari litakwama. Waambie wasioshe kiwele kizima na kukamua kikiwa kinachuruzika. Chuchu tu, kitambaa safi, zikauke.

---

Mama Dumu wa Tabata

Alhamisi gari lilishakwama, hata mvua haijaanza. Liliharibika Mlandizi saa mbili nzima. Moja likakatika, mawili yakapona.

---

Binti wa Likoni

Lile lililokatika ulimwaga?

---

Mama Dumu wa Tabata

Harufu ilikuwa nzuri, hayakuchacha sana. Nikachuja kwa kitambaa, nikakamua, nikakaanga mabonge na kitunguu na pilipili hoho. Mume wangu akala akauliza ni mayai ya kuku gani hawa.

---

Siti ya Dirishani

Tabata ipi, mama? Kimanga au Segerea? Nataka lita mbili. Na hiyo ya kitunguu kama ipo.